Taa Nyekundu ya Chaji: Kisa cha Moto Guzzi 850 T3 Iliyokataa Kuchaji Betri

Kisa hiki kinahusu Moto Guzzi 850 T3 ambayo niliifumua yote na kuiunda upya nyumbani kwangu Nkuhungu, Dodoma, na ambayo baada ya kukamilika ilikataa kuchaji betri kwa wiki sita, ingawa kila kifaa cha mfumo wake wa umeme kilipopimwa kilionekana kizima. Hitilafu yenyewe niliiingiza mimi, katika badiliko nililolihesabu kuwa dogo kuliko yote niliyoyafanya, na ndiyo maana naona inafaa kuieleza pamoja na vipimo vyake, kwa faida ya mtu mwingine anayetaka kuboresha chombo cha zamani chenye altaneta (mashine ya kuzalisha umeme) ya aina hii.

Pikipiki ni ya mjomba wangu. Aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka kwa padri wa Kiitaliano aliyekuwa akirejea kwao, akaitumia kati ya Mpwapwa na Dodoma mpaka vipuri vilipoadimika, kisha akaiweka bandani chini ya turubai, ambako ilikaa zaidi ya miaka ishirini. Siku aliponikabidhi funguo hakuwa na maelezo mengi. "Mpwa wangu," alisema, "itengeneze itembee, lakini ibaki kuwa ileile." Agizo hilo lilinibana katika sura, rangi na mlio, ila likaniacha huru katika umeme, kwa kuwa waya zikishafunikwa na tangi hakuna anayeziona.

Moto Guzzi hutengenezwa Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como huko Italia, tangu mwaka 1921, na T3 ilianza kuuzwa mwaka 1975. Injini yake ina silinda mbili zilizotanuka kwa digrii 90, moja kushoto na nyingine kulia mwa tangi, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 844 kwa pamoja. Krankshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imelala kwa urefu wa pikipiki, kuelekea mbele na nyuma, na nguvu huenda kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo, jambo lenye thamani kubwa katika mji wenye vumbi kama wetu. Mbele kabisa ya krankshafti, chini ya kifuniko cha aluminiamu kilichopo katikati ya silinda hizo, imefungwa altaneta ya Bosch. Haina mkanda wala puli. Inazunguka kwa kasi ileile ya injini. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Kazi ya injini nitaipitia kwa ufupi. Fremu iliyobuniwa na mhandisi Lino Tonti ina mabomba ya chini yanayofunguka, kwa hiyo vijana wawili wa jirani waliinua fremu tupu na kuiacha injini imekaa juu ya kreti ya soda, bila winchi wala mnyororo wa kunyanyulia. Nilifanya kazi barazani, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kabla upepo haujaanza, kwa sababu kuanzia Julai upepo wa Dodoma hauruhusu mtu kuacha krankshafti wazi. Silinda za awali za T3 zimepakwa kromu ngumu ndani, na kromu hiyo, injini ikikaa miaka mingi bila kuwashwa, hubanduka kama magamba. Nilipomwaga oili kwenye sinia jeupe na kulisogeza juani, chini ya weusi wa oili kulikuwa na chembe zinazometameta kama ulanga. Nilizisugua kati ya vidole viwili na kuhisi ukali wake. Chembe hizo husafiri na oili hadi kwenye beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krankshafti, na kuzila. Niliagiza silinda na pistoni za Gilardoni, kiwanda kilichopo hukohuko Mandello, ambazo ukuta wake umepakwa Nikasil, yaani nikeli yenye chembe za kabaidi ya silikoni, nikabadilisha beringi za konrodi na chujio la oili, ambalo katika T3 limefichwa ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na halitoki mpaka sampu yenyewe ishushwe. Valvu nilizipa nafasi ya milimita 0.22 injini ikiwa baridi. Injini iliwaka siku ya kwanza na haijanisumbua.

Umeme ni habari nyingine. Waya za awali zilikuwa zimekauka ngozi. Ukizikunja, plastiki inavunjika na shaba iliyoingia ukijani inabaki mkononi. Nilizitoa zote na kusuka mpya. Kwa kuwa nilikuwa nimefika huko, nikaamua kuboresha. Platini mbili zilizomo ndani ya distribyuta, zile zinazokata na kuunganisha umeme wa plagi, nikaziondoa na kuweka mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi. Regyuleta ya zamani inayodhibiti chaji, ile yenye sumaku na kidole kinachocheza, nikaibadilisha kwa ya kielektroniki. Betri kubwa nikaiacha na kuweka ndogo ya ampea-saa 20. Mwisho, nikabadilisha taa zote kuwa za LED: ya mbele, ya nyuma, indiketa, na zile taa ndogo za onyo zilizopo katikati ya usukani, ikiwemo nyekundu ya chaji.

Sababu yangu ilikuwa ya haki, na bado naiona ni ya haki. Altaneta hiyo imeandikwa volti 14 na ampea 20, yaani wati 280, lakini kiasi hicho hupatikana tu injini inapozunguka kwa kasi. Kwenye foleni na mizunguko ya barabara za mjini haitoi hata nusu yake. Taa ya mbele pekee ilikuwa inakula wati 40 na zaidi, nami nilitaka umeme huo ubaki kwa ajili ya plagi na betri.

Dalili ya kwanza ilikuja upesi nami sikuitambua. Indiketa ziliwaka bila kupepesa. Nilifahamu kwamba flasha ya zamani hufanya kazi kwa kipande cha chuma kinachopinda kikipata joto la mkondo, na kwamba mkondo wa LED ni mdogo mno kukipasha moto, basi nikanunua flasha ya kielektroniki na kuendelea na mengine. Sikujiuliza ni kitu gani kingine katika pikipiki hiyo kilikuwa kinautegemea mkondo wa balbu za zamani.

Injini mpya hulainishwa taratibu, na kwa kilomita 800 za mwanzo nilijiwekea kikomo cha mizunguko 3,000 kwa dakika. Nilitembea nayo mjini, kutoka Nkuhungu hadi shuleni ninakofundisha fizikia, sokoni Majengo, na kurudi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka muda wote. Nilidhani kwanza nimeunganisha vibaya, nikakagua, nikaona waya zimefuata mchoro. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, injini ikiwaka kwa silensa, yaani bila kuvuta mafuta, ilisoma 12.1, kwa mizunguko 2,500 ilisoma 12.0. Altaneta nzima ingepaswa kuivusha 13.5 na zaidi. Kila jioni nilikuwa naifungua betri na kuiweka kwenye chaja ya ndani, na kila asubuhi naianza safari nikijua nina saa chache tu.

Jioni moja saa hizo ziliisha njiani. Nilikuwa natoka Mtumba nikielekea mjini, na karibu na Ihumwa injini ilianza kukatakata. Mfumo wa kielektroniki wa plagi hauvumilii volti kushuka chini ya kiwango chake, na tofauti na platini, ambazo hudhoofika polepole, huo ulikatika kwa ghafla. T3 haina kiki. Ina stata peke yake, na uzito wake ni takriban kilo 240. Vijana wawili wa bodaboda walinisaidia kuisukuma hadi kwenye kituo cha mafuta, ikalala hapo.

Baada ya hapo nilianza kubadilisha vitu, na naandika mlolongo huo kama ulivyokuwa. Nilinunua betri nyingine, hali ileile. Nilirudisha regyuleta ya zamani, ambayo nilijua ilikuwa nzima, hali ileile. Mafundi wawili wa bodaboda walioitazama walishauri nibadilishe koili, ushauri wenye mantiki kwa pikipiki wanazozijua wao, kwa sababu pikipiki nyingi za bodaboda zina sumaku ya kudumu inayozunguka koili, na sumaku ya kudumu haihitaji kitu chochote kuianzisha: ikizunguka, umeme upo. Kwenye pikipiki za namna hiyo unaweza kuweka LED kila mahali, na chaji haitabadilika kwa sababu hiyo.

Hatimaye nilikwenda kwa mzee mmoja wa Majengo ambaye ametengeneza umeme wa magari tangu enzi za Land Rover za serikali. Nilimkuta ameketi mbele ya banda lake, akanipokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," nami nikaitikia, nikamweleza. Hakubadilisha kitu chochote. Alichukua mita na kupima: rota, koili inayozunguka ndani ya altaneta, ilisoma omu nne, sawa, koili tatu za nje zilisoma kiasi kimoja, na hakuna iliyogusa bodi, brashi za kaboni zilikuwa ndefu, dayodi, sita kubwa na tatu ndogo, kila moja ilipitisha umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili. Kisha akachomoa regyuleta, akaniambia niishike injini kwenye mizunguko 2,000, akagusisha kwa sekunde moja waya kutoka chanya ya betri kwenye ncha iliyoandikwa DF, inayokwenda kwenye rota. Mita iliruka hadi volti 15 na injini ikazama mlio kidogo, kama mtu aliyebebeshwa mzigo ghafla. Akaondoa waya mara moja.

"Altaneta yako ni nzima, mwalimu," alisema. Nilimwamini, lakini sikuweza kulikubali jambo hilo, kwa kuwa nilikuwa nayo mbele yangu na haikuchaji.

Wiki iliyofuata nilifikisha kilomita 800, nikaondoa kikomo na kwenda Kibaigwa kwa barabara kuu ya Morogoro. Baada ya Chamwino barabara ilikuwa wazi. Nilivuta mafuta kulipita lori la mahindi, mshale ukavuka 4,000, na taa nyekundu ikazimika. Haikuwaka tena hadi Kibaigwa. Nilisimama pembeni mwa soko la mahindi bila kuzima injini, nikatoa mita kwenye begi na kupima: volti 14.1. Nilirudi Dodoma betri ikiwa imejaa kabisa. Kesho yake asubuhi niliwasha, nikaenda shuleni, na taa ikabaki inawaka safari nzima.

Nilirudi kwa yule mzee nikiwa na jambo jipya la kumweleza. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema maneno ambayo kwangu yalifungua mlango: "Mwalimu, mashine hii inajua kuzalisha, ila haijui kuanza. Kwenye mchoro wako, nani huianzisha?"

Tuliufungua mchoro juu ya boneti ya gari la mteja wake. Altaneta hii haina sumaku ya kudumu. Rota yake ni koili iliyoviringishwa kwenye chuma, na huwa sumaku pale tu inapopitiwa na mkondo unaoingia kupitia brashi. Ikishakuwa sumaku na ikizunguka, koili za nje huzalisha umeme. Dayodi sita kubwa huupeleka kwenye betri, na tatu ndogo huchukua sehemu yake na kuirudisha kwenye rota kupitia ncha ya D+ na regyuleta. Ikishaanza, inajilisha yenyewe. Lakini kijiko cha kwanza lazima kitoke nje, na tulipoifuata kwa kidole waya ya D+ ilikwenda sehemu mbili tu: kwenye regyuleta, na kwenye taa nyekundu ya chaji.

Taa hiyo, kwa hiyo, haikuwekwa kwa ajili ya kumwonya dereva peke yake. Ukifungua swichi, umeme wa betri huingia upande mmoja wa balbu, hutoka upande wa pili kuelekea D+, hupita regyuleta na rota, na kuishia kwenye bodi. Balbu inawaka, na mkondo uleule ulioiwasha unaitia rota sumaku ya kuanzia. Injini inapowaka na altaneta kuanza kuzalisha, volti ya D+ hupanda mpaka ilingane na ya betri. Pande zote mbili za balbu zikiwa na volti sawa, hakuna mkondo unaopita, na taa huzimika. Balbu ya zamani ilikuwa ya wati 3, nayo kwa volti 12 hupitisha karibu robo ya ampea. LED niliyoiweka niliipima: miliampea 15. Iliwaka vizuri tu machoni, hata kuipita ya zamani kwa mwanga, lakini mkondo wake ulikuwa pungufu kwa zaidi ya mara kumi na tano, na rota haikupata kitu cha maana.

Hapo na safari ya Kibaigwa ikaeleweka. Chuma cha rota hubaki na sumaku kidogo hata baada ya kuzimwa. Sumaku hiyo ikizungushwa kwa kasi ndogo hutoa volti chache mno, zisizotosha hata kuzivuka dayodi. Ikizungushwa kwa kasi kubwa volti hupanda, dayodi hufunguka, kiasi kidogo hurudi kwenye rota, sumaku huongezeka, na ndani ya sekunde moja altaneta imeamka na haitalala mpaka injini izimwe. Kwenye gari, altaneta huendeshwa kwa mkanda na puli, ikazunguka mara mbili au zaidi kwa kila mzunguko wa injini, kwa hiyo hata balbu ikiungua mara nyingi dereva akivuta mafuta kidogo chaji huanza. Kwenye Guzzi, iliyofungwa juu ya krankshafti, nilikuwa nahitaji karibu mizunguko 4,000, kasi ambayo kwa wiki zote sita za kulainisha injini sikuifikia hata mara moja. BMW za silinda mbili za miaka hiyo, zenye altaneta ya Bosch mahali palepale, zina tabia hiyohiyo.

Balbu za zamani nilikuwa nimezihifadhi kwenye kopo la Blue Band. Jioni hiyo niliitafuta ya wati 3, ndogo kama punje ya harage, kioo chake kikiwa na weusi kidogo upande mmoja, nikaiunganisha kwa waya mbili, moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye D+, nikaichomoa ile LED, nikafungua swichi. Balbu iliwaka njano juu ya kiti cha pikipiki, giza likiwa limeanza kuingia barazani. Niliwasha injini na kuivuta taratibu. Kwenye mizunguko 1,400 hivi ule uzi ndani ya kioo uligeuka kutoka njano kuwa mwekundu, kisha wekundu ukafifia, kisha nikaona uzi wenyewe mweusi, baridi, na mita ikasoma 13.8. Nilizima na kuwasha tena mara tano ili nijiridhishe. Mara zote tano ilichaji.

Lilibaki suala la namna ya kulitengeneza moja kwa moja. Kurudisha balbu ya zamani kungetosha, na kwa mtu asiyetaka kazi zaidi ndiyo njia ningempendekezea. Mimi sikupenda chaji ya pikipiki nzima itegemee uzi mwembamba unaoweza kukatika kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi, kwa sababu balbu ikiungua matokeo ni yaleyale tuliyoyaona, na safari hiyo bila taa ya kukuonya. Nilinunua kwa fundi redio rezista ya omu 47 yenye uwezo wa wati 5, nikaifunga sambamba na LED, yaani upande mmoja kwenye waya inayopata umeme swichi ikifunguliwa na upande mwingine kwenye waya ya D+. Kwa volti 12 inapitisha robo ampea, sawa na balbu, na kutoa joto la wati 3, ndiyo maana ya wati moja au nusu isingefaa: ingeungua. Kwa sababu hupata moto swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, niliifunga kwenye kipande cha aluminiamu chini ya tangi, mbali na waya nyingine, wala sikuizungushia tepu. Altaneta ikianza kuchaji, volti za pande zote mbili zikalingana, rezista hupoa.

Tangu hapo nimetembea zaidi ya kilomita 2,000, zikiwemo safari mbili za Mpwapwa. Kwa mizunguko 3,000, taa zote zikiwaka, betri inasoma 14.1. Mjomba alikuja kuiona, akaizunguka kimya, akagusa kifuniko cha altaneta kwa kiganja, kisha akaketi na kufungua swichi. Aliniuliza kama taa nyekundu bado inatakiwa kuzimika akivuta mafuta, nikamjibu ndiyo. Kuna jambo moja nililoliacha kama lilivyo: nikisimama kwenye taa za barabarani, silensa ikiwa kwenye mizunguko 1,100, LED huwaka kwa kufifia, kwa kuwa altaneta iliyofungwa juu ya krankshafti haiwezi kutoa volti kamili kwa kasi hiyo. Nimeipandisha silensa hadi 1,200, na ile balbu ya zamani nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya kisanduku cha spana, chini ya kiti.